Feni ya Hilux ya zamani: kabla ya kununua, angalia kava

"Dada, nimefunga feni mpya na gari bado linachemsha." Nikiandika lolote kuhusu Hilux za zamani, ujumbe wa namna hii ndio unaorudi zaidi. Mmoja kafunga feni ya umeme, bado akifika mlima Kitonga anaegesha pembeni na kidumu cha maji mkononi. Mwingine kabadilisha feni, kisha pampu ya maji, kisha rejeta, na sasa fundi anamnong'oneza habari za injini nyingine. Wote nawauliza swali moja: kava ya feni ipo? Jibu karibu kila mara ni "kava ipi?"

Basi mwongozo huu ni wa wenye Hilux za miaka ya themanini na tisini, zile za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L, na za petroli zenye 22R. Idadi ya mapanga na upana wa feni sitavigusa. Hayo muuzaji atakuimbia hata kama hujamuuliza.

Kwanza hakikisha shida ni feni kweli. Gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare, upepo wa safari wenyewe unapoza rejeta, na feni haina kazi kubwa hapo. Linalochemsha kwenye mwendo huo lina rejeta iliyoziba, temostati iliyoganda au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, na hakuna feni ya bei yoyote itakayoliponya. Feni inahitajika gari likiwa limekwama kwenye foleni Ubungo, au likipanda mlima na mzigo kwa gia ya pili huku upepo unatokea nyuma. Kama linachemsha hapo tu na linapoa likishika mwendo, endelea kusoma.

Kava ni lile zungushio la plastiki linalofungwa kwenye rejeta na kuyazingira mapanga. Kazi yake ni kuilazimisha hewa yote inayovutwa ipite kwanza kwenye rejeta, kona hadi kona. Ukiitoa, feni inajivutia hewa ya pembeni, tena hewa ya moto ya injini hiyo hiyo, inaizungusha humo humo chini ya boneti. Rejeta inaambulia kidogo, na hicho kidogo kinapita katikati tu. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliopasuka.

Kwa nini magari yetu mengi hayana kava? Hapa ndipo ninapokasirika. Feni ya Hilux imefungwa kwenye pampu ya maji, yaani inacheza pamoja na injini. Kava imefungwa kwenye rejeta, ambayo haichezi. Mauntini za injini, yaani raba zinazoibeba, zikichoka, injini inakaa chini na kuyumba kila ukikanyaga mafuta, mapanga yanaanza kuikwangua kava. Fundi anasikia kelele, anaifungua kava, anaitupa nyuma ya gereji. Kelele imekwisha, mteja kafurahi, pesa imelipwa. Au alikuwa anabadilisha pampu ya maji, kava ikamzuia spana, akaitoa, na wakati wa kurudisha akaona usumbufu wa bure. Kijua cha Desemba kikiwaka, gari linachemsha, na hakuna anayeikumbuka kava. Mwenye gari anatumwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, akanunue feni, wakati alichohitaji ni mauntini mbili.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti upime vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi kati ya ncha za mapanga na kava. Isizidi sentimita mbili na nusu, na iwe sawa pande zote. Kama juu pana na chini finyu, injini imeshuka, anza na mauntini. Cha pili ni kina. Panga linatakiwa liingie ndani ya kava kwa nusu mpaka theluthi mbili ya upana wake, sehemu iliyobaki itokeze upande wa injini. Likizama lote, hewa haina pa kutawanyikia. Likitokeza lote, kava inabaki pambo.

Na hiki cha pili ndicho kinachowaangusha wanunuzi. Klachi ya feni ni kile kipande kinachounganisha mapanga na pampu ya maji. Za Toyota nyingi zina bolti nne na zinafanana kwa macho, kwa hiyo muuzaji anaweka yako na yake ubavu kwa ubavu, matundu yanalingana, anasema "hii ndiyo yenyewe." Urefu je? Klachi iliyo fupi au ndefu kwa sentimita mbili itafunga vizuri kabisa, itazunguka vizuri kabisa, na itayaacha mapanga nje ya kava au itayasogeza yakaribiane na rejeta. Nenda dukani na klachi yako ya zamani na rula. Pima kutoka uso unaokaa kwenye pampu mpaka uso unaoshika mapanga. Wauzaji watakucheka. Waache wacheke.

Sasa tupange.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu, ni klachi mpya ya Aisin ikiwa na mapanga ya asili ya plastiki na kava nzima. Aisin ndio waliokuwa wakiitengenezea Toyota klachi hizi, kwa hiyo unapata kitu kile kile bila kulipia maandishi ya Toyota kwenye boksi. Mbele yake kuna kaspringi ka bapa kaliojikunja. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kaspringi kanajizungusha na kufungua kijitundu, oili ya silikoni iliyomo ndani inaingia kwenye mifereji, klachi inashika na feni inaunguruma. Hewa ikipoa, oili inarudi, feni inazunguka polepole na injini haibebeshwi mzigo wa bure. Haina waya wala fyuzi wala swichi. Kwa gari la dizeli linalobeba mahindi kutoka Songea sijaona cha kuishinda.

Namna ya kuikagua: injini ikiwa ya baridi na imezimwa, isukume feni kwa kidole. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo na kusimama. Ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama haina mwenyewe, oili imekwisha. Ikigoma kabisa, imeganda. Tikisa ncha ya panga mbele na nyuma, na ikicheza sana ujue beringi imekufa. Vumbi jeusi lililogandamana na mafuta usoni maana yake inavuja. Na ukiwasha asubuhi ikaunguruma dakika moja halafu ikatulia, usiogope, hiyo ni oili inajipanga upya baada ya kulala.

Jambo moja la dukani: klachi hizi huhifadhiwa zimesimama, jinsi zinavyokaa kwenye gari. Ikilazwa kifudifudi kwa muda mrefu oili inaweza kuhamia pasipotakiwa na kuvuja. Ukikuta zimerundikwa kwenye kapu pamoja na feni za Corolla, pita. Na boksi lisikutie kiwewe, maana kuchapisha maboksi ni kazi ya siku moja. Toa kitu chenyewe, kizungushe kwa mkono, angalia kingo zake kama zimesafishwa au zimeachwa na makovu ya kalibu, kisha ndiyo useme bei.

Namba mbili ni Aisin ya mtumba kutoka Japani au Dubai, ukaitia oili mpya. Watu wengi hawajui kwamba klachi hii inafunguka. Toyota wenyewe wanauza oili ya silikoni kwenye vitubu vidogo vya mililita 18, yenye uzito tofauti: 3,000, 6,000 na 10,000. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo oili inavyokuwa nzito na klachi inavyoshika zaidi. Fundi makini anafungua, anamwaga oili ya zamani, anasafisha, anatia kiasi kile kile kilichotoka au kinachotakiwa, anafunga na ringi yake ya mpira ikiwa nzima. Asitie oili ya injini wala ya breki. Ukishindwa kupata silikoni, bora ubaki na klachi iliyochoka kuliko hiyo pilau. Mimi ningechagua mtumba wa namna hii kuliko mpya isiyo na jina, siku yoyote.

Namba tatu, feni ya umeme, lakini kwa sharti: iwe na kava yake inayofunika rejeta yote. Za SPAL za Italia ni nzuri, bei yake inauma. Njia ya kwetu ni kuchukua feni za mtumba za Denso kutoka gari dogo la Toyota zikiwa pamoja na kava yake nzima, baada ya kupima kwamba inalingana na rejeta yako. Ukiiona dukani wameshaitoa kwenye kava wanakuuzia mota na mapanga tu, ni feni ya mezani hiyo.

Feni ya umeme ina madai mengine. Altaneta za pikapu za enzi zile nyingi ni za ampea 40 mpaka 60. Feni kubwa inaweza kula ampea 20 na zaidi, weka taa, waipa na redio juu yake, usiku wa mvua betri inaanza kuliwa. Funga rilei, fyuzi na waya mnene, usiunge kwenye waya wa taa kama nilivyoonyeshwa kwenye picha ambazo sitaki kuzikumbuka. Halafu hakikisha inavuta. Iwashe gari likiwa limesimama, weka karatasi mbele ya rejeta. Ikinata, sawa. Ikipeperuka, fundi amegeuza waya na feni inapigana na upepo wa barabarani.

Zilizobaki sizipangi. Feni za umeme za bei poa zinazofungwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopenya kwenye rejeta zitaikwaruza mirija mpaka itoboke. Klachi iliyochomelewa ili ishike moja kwa moja? Feni ikizungushwa kwa kasi mara mbili inadai nguvu mara nane, na mzigo huo unabebwa na beringi ya pampu ya maji.

Wenye pikapu za Peugeot 504 wanaoniandikia kutoka Kenya: zenu ni habari nyingine, feni inashikwa na sumaku ya umeme. Kabla hamjanunua chochote, kagueni kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo, na waya wake.

Sasa wauzaji. Nimeuliza bei ya klachi ile ile kwenye duka moja kwa simu, kisha nikaenda mwenyewe, bei ikawa imepanda kabla sijakaa. "Mama, dola imepanda." Ndani ya nusu saa? Halafu kuna daraja za uongo: oriji, oriji ya Taiwan, oriji kopi, na "oriji yenyewe" inayotolewa chini ya meza kwa mteja aliyekasirika. Mwanamke akiuliza urefu wa klachi anaulizwa gari ni la nani. Ila kinachonikera zaidi ni kwamba kava hawakuuzii peke yake. "Hiyo inakwenda na rejeta." Rejeta yangu ni nzima, nataka kava tu. "Basi chukua zote mama, nitakupunguzia." Wakati huo huo kava tatu zimelala juu ya paa la banda zinapigwa jua.

Ukikwama hivyo, nenda kwa fundi bati. Mpe vipimo vya rejeta na kipenyo cha feni, mwambie aongeze sentimita mbili kila upande wa duara, na akunje ukingo ili bati lisichane hosi ya maji. Kati ya bati na rejeta aweke mpira wa mlango wa gari kuukuu, kuzuia upenyo na mtetemo. Aitengeneze vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyoungana kwa skrubu, ili fundi ajaye akitaka kubadilisha pampu ya maji asiwe na kisingizio cha kuitupa.