Dona, mlenda na fizi zangu: kibanda cha mama lishe Kariakoo

Uchochoro mmoja kutoka Mtaa wa Kongo kuna kibanda cha mama lishe kisicho na bango. Uliza "kwa mama wa dona", wauza vitambaa watakuelekeza. Nimekula hapo mchana kwa miezi minane, siku sita kwa wiki. Nina ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa kumi na moja, na sijapata pengine pa kula nje panaponifaa namna hii.

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi wengi tuna tabia ya kukata uzi kwa meno. Mwaka jana nilikuwa namalizia pindo la kanzu nyeupe ya bwana harusi, nikakata uzi kama kawaida, nikaona alama nyekundu kwenye kitambaa. Nikajua sindano imenichoma. Nikaangalia vidole kimoja kimoja, vizima. Damu ilikuwa ya fizi. Nilililoweka pindo kwenye maji baridi ya chumvi, doa likatoka, lakini moyo haukutulia, maana gego moja la chini lilikuwa limeanza kucheza na harufu ya mdomo nilikuwa naificha kwa pipi za mnanaa, tena zenye sukari.

Daktari wa meno alipoona kadi yangu ya kliniki hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu kwenye damu, mwili unachoka kupambana na vijidudu vya ukoga, fizi zinavimba, na mfupa unaoshika jino unalika polepole. Halafu uvimbe huo nao unaizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi yake vizuri, sukari inazidi kupanda. Kumbe miaka yote nilikuwa naenda kliniki ya sukari kwa ajili ya macho na miguu, mdomo nimeusahau. Kipimo changu cha miezi mitatu (HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa muda huo) kilikuwa asilimia 9.8, na lengo nililopewa ni chini ya 7. Akanisafisha ukoga hadi chini ya fizi, mara mbili. Gego halikupona, likang'olewa. Kisha akaniuliza, "Mama, mchana unakula nini?"

Mchana nilikuwa nakula chipsi mayai na soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari inayopita gramu 30, karibu vijiko vinane vya chai. Asubuhi nameza metformini, vidonge vyangu vya sukari, mchana nakunywa vijiko vinane.

Sahani ya mama wa dona ni shilingi 3,000. Unapata dagaa wa Kigoma waliokaangwa kwa nyanya na vitunguu, matembele au mchicha, maharage kidogo, mlenda wa bamia na nyanya chungu, na ugali wa dona. Dona yenyewe ni ya kweli. Ukimega tonge unaviona vipande vya pumba, na ukitafuna unapata ladha ya hindi lenyewe. Mlenda wake hauna magadi mengi, unavutika bila kuwa maji. Huo peke yake ungenitosha kurudi.

Kilichonishika zaidi ni jinsi anavyoandaa. Mama yake mzazi anaumwa sukari, kwa hiyo nilipomwambia hali yangu hakuniuliza mara mbili. Huniletea mboga na dagaa kwanza. Siku za mwanzo nilikuwa naulizia ugali, ananijibu, "Fundi, malizia matembele, ugali haukimbii." Mboga na kitoweo vikitangulia tumboni, sukari ya ugali inaingia kwenye damu taratibu. Nimejipima mwenyewe kwa kimashine changu cha kutoboa kidole, kinachosoma sukari ya wakati huohuo kwa mmol/L, si ile ya miezi mitatu: kabla ya kula 7.2, saa mbili baadaye 9.4. Siku niliyoongeza ugali kwa sababu ya njaa nilikuta 11.8. Kwa hiyo ndugu zangu, dona si dawa. Ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini ukijaza sahani itakupandisha vilevile. Robo ya sahani inatosha, nusu iwe mboga.

Msimu wa mapera huyauza kwa 500, na ninamwomba asiniuzie yaliyoiva sana. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na fizi zinaihitaji ili zishikamane.

Fizi zangu zilikuwa nyekundu za kuiva, zimevimba. Sasa zimerudi rangi yake, na tangu mwezi wa tatu mswaki hautoki na damu. Kipimo cha mwisho cha miezi mitatu ni 7.4. Sitampa mama wa dona sifa zote. Daktari alisema kutibu fizi kwenyewe hushusha kipimo hicho kwa takribani 0.4, na mswaki napiga asubuhi na usiku bila kukosa. Lakini vidonge ni vilevile, dozi ileile. Kilichobadilika kwa ukubwa ni sahani ya mchana. Anayechoma insulini azungumze na kliniki yake kabla ya kupunguza ugali, maana sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Malalamiko ninayo. Dagaa wana chumvi kupita kiasi, na wengi wetu wenye sukari tuna presha pia. Nimemwambia, anapunguza siku mbili kisha anasahau. Juisi yake ya ukwaju ni sukari tupu, agiza maji. Benchi ni mbili tu, na mvua ikinyesha paa linavuja upande wa jiko.

Nenda kabla ya saa saba. Ikifika saa saba na nusu mlenda umekwisha, kinachobaki ni wali.