Ramani ya maporomoko ya theluji kwenye saa: nimeivaa msimu mzima

Haya, karibuni tena. Leo siongelei mapigo ya moyo wala usingizi. Saa hii nimeivaa msimu mzima wa theluji kwa jambo moja tu: ramani ya maeneo ya maporomoko.

Ngoja nisogeze mkono kwenye kamera. Mnaona? Mstari wa bluu ndiyo njia yangu. Pembeni kuna njano, chungwa, nyekundu na zambarau. Njano ni mteremko wa nyuzi 30 hadi 35, chungwa unafika 40, nyekundu 45, na zambarau ni mkali kupita hapo. Yale maporomoko ya bamba, tabaka zima linapokatika na kuteleza kwa pamoja, mengi huanzia kati ya nyuzi 30 na 45. Kwa hiyo rangi hizi si urembo.

Raha yake niliionja siku ya ukungu. Chini kweupe, juu kweupe, hujui kama mbele yako ni tambarare au ukingo. Nikavuta mkono wa koti, nikachungulia: njano ilikuwa inanikaribia upande wa kushoto. Nikakata kulia. Simu haikutoka mfukoni, glavu sikuvua. Hapo naipa alama zote.

Kero sasa. Ukikuza ramani uone rangi vizuri, mlima unapotea. Ukirudisha uone mlima, rangi zinachanganyikana kama uji. Kugusa kioo kwa glavu ni kazi bure, tumia vitufe. Na baridi inakula betri, lakini hilo mnalijua.

Kubwa zaidi ni hili: pasipo na rangi si lazima pawe salama. Bonde tambarare, jeupe kabisa kwenye ramani, linaweza kuwa ndipo theluji ya juu inapomwagikia. Tena wewe mwenyewe, ukikanyaga huko chini, unaweza kuvunja tabaka dhaifu na mteremko ukakatika juu ya kichwa chako. Saa yangu inaonyesha ukali wa mteremko, basi. Norway wana ramani inayoonyesha pia theluji itafika wapi ikiporomoka. Kabla hujalipa, uliza ipi imo ndani ya saa.

Halafu ramani haijui kama usiku theluji imeanguka, wala upepo umeirundika wapi. Hayo yamo kwenye taarifa ya hatari ya siku, ile ya ngazi 1 hadi 5. Hata kijiukingo cha mita tano kinaweza kumezwa na ramani, na mtu anaweza kufukiwa na hicho hicho. Mimi njia naipanga nyumbani kwenye kioo kikubwa. Saa ni ya kuhakikisha tu kwamba bado niko juu ya mstari.

La mwisho nililigundua mazoezini. Kile kifaa cha kumtafutia aliyefukiwa hakitaki umeme jirani. Wakati wa kutafuta, vifaa vingine vya umeme vikae angalau sentimita 50 mbali nacho. Mimi hukishika kwa mkono wa kushoto, na saa nayo iko papo hapo kushoto! Namba za umbali kwenye kifaa zikaanza kurukaruka: mara mita 12, mara mita 20, mara mita 9. Siku hizi naivaa kulia, na tukianza kutafuta, inavuliwa na kuingia kwenye begi.