Dawa ya sonona na plasebo: pengo ni kubwa kiasi gani?

Kidonge cha plasebo hakina dawa ndani yake, lakini wengi wanaokimeza katika majaribio hupata nafuu. Nafuu hiyo hutokana na matumaini, na kufuatiliwa kwa karibu na wahudumu, na pia sonona yenyewe, ambayo mara nyingi hupungua kadiri muda unavyopita.

Dawa halisi huishinda plasebo, ila si kwa mbali. Mwaka 2008 mtafiti Irving Kirsch na wenzake walipata tofauti ya pointi 1.8 hivi kwenye kipimo cha Hamilton, kinachopima ukali wa sonona. Kwa wenye sonona kali sana pengo lilipanuka, hasa kwa sababu plasebo iliwafaa kidogo. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichambua majaribio 522. Dawa zote 21 walizozichunguza ziliipita plasebo.

Dawa huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya ngono. Hata hivyo, sonona ikiwa kali, mimi naegemea dawa bila kusita, maana anayeimeza hupata nguvu ya dawa yenyewe pamoja na ile ya matumaini. Ikiwa nyepesi, tiba ya mazungumzo itangulie. Na anayetumia dawa tayari asiikatize ghafla. Azungumze kwanza na daktari wake.