Sauti ya Tevye si hii: uzoefu wangu na kisanduku cha filamu za Chaim Topol

Nyota moja, na hiyo nimeitoa kwa heshima ya marehemu. Muuzaji hana chake hapo.

Ndani ya kisanduku mna DVD nne za Chaim Topol, mzaliwa wa Tel Aviv aliyefariki Machi 2023 akiwa na miaka 87: Sallah Shabati ya 1964, Fiddler on the Roof ya 1971, Galileo ya 1975 na For Your Eyes Only ya 1981. Muuzaji amezikusanya kutoka matoleo tofauti, akazifunga pamoja na kuziuza mtandaoni kama mkusanyiko. Uchaguzi ni mzuri mno, lazima niseme. Mhamiaji fukara, muuza maziwa, mwanasayansi, mfanya magendo, wote mtu mmoja. Ndiyo maana uchungu wangu ni mkubwa. Diski ya pili imeharibiwa, na imeharibiwa pale pale palipo na roho ya filamu.

Weka diski hiyo, Fiddler on the Roof, ngoja Tevye, yule muuza maziwa anayechezwa na Topol, afungue mdomo. Ile sauti nzito, ya kifuani, iliyokwaruzika kidogo kama ya mtu aliyezoea kusema na farasi wake njia nzima, haipo. Aliyeko ni kijana aliyevalishwa ndevu.

Sababu yake inajulikana vizuri. Filamu za sinema hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Runinga za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na huku kwetu Afrika Mashariki, zilijengwa kwa fremu 25. Badala ya kutafuta njia ya kuongeza fremu, watengenezaji wengi wa diski za PAL huikimbiza tu filamu kwa asilimia 4 na ushei. Fiddler ya dakika 181 inamalizika kwa dakika 174. Jicho halishtuki. Sikio linashtuka, kwa sababu sauti ikikimbizwa hupanda kimo, yaani huwa nyembamba, si kubwa zaidi, na hapa imepanda zaidi kidogo ya theluthi mbili ya nusu-toni, ile hatua ya kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kinachofuata. Kwenye filamu ya kufukuzana kwa magari mtu atavumilia. Hii ni filamu ya nyimbo, fidla yake imepigwa na Isaac Stern, na kila uzi wa ile fidla unalia pasipo mahali pake.

Lakini kinachonikera kuliko fidla ni umri. Topol alikuwa na miaka 35 tu walipokuwa wakiipiga filamu hii. Tevye ni baba wa mabinti watano, wakubwa wameshafika kuolewa. Ujana wa Topol ulifichwaje? Vipodozi vilifanya sehemu yao. Zilichukuliwa hata nywele nyeupe za ndevu za mwongozaji, Norman Jewison, zikapachikwa kwenye nyusi zake. Kazi iliyobaki aliifanya mwenyewe kwa mabega, kwa mwendo wa kuburuta, na zaidi ya yote kwa koo. Kuanzia 1967 alikuwa ameshamcheza Tevye jukwaani London, na huko ndiko Jewison alikomwona akamchagua yeye badala ya Zero Mostel aliyeanza na nafasi hiyo Broadway. Ule uzee uko kwenye sauti. Ukiipandisha, umemvua. Mtu kateuliwa kuwania Oscar na kushinda Golden Globe kwa kazi hii, halafu mashine inamrudisha kwenye umri wake wa kweli, na kisanduku kinauzwa kana kwamba hakuna kilichotokea!

Msiniambie kwamba haiwezekani kurekebishwa. Tazameni diski ya nne. For Your Eyes Only, ile ya James Bond, nayo ni ya PAL, nayo imekimbizwa: dakika 127 zimekuwa 122. Lakini aliyeitengeneza alishusha sauti baada ya kuikimbiza, akairudisha kwenye kimo chake. Topol humo ni Columbo, yule mfanya magendo mchangamfu anayetafuna pistachio muda wote, na wazo la pistachio lilikuwa lake mwenyewe. Sauti yake ni nzito kama inavyotakiwa, maganda yanapasuka vizuri, kicheko kinatoka tumboni. Ukitoa diski hiyo na kuweka ya pili papo hapo, utadhani ni watu wawili, mtu na mdogo wake. Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Aliyeuza hakusikiliza, basi.

Nilipoandika kulalamika, jibu lilikuja fupi: sauti ni ile ile, kagua spika zako. Spika haziwezi kupandisha sauti ya filamu moja zikaiacha ya nyingine. Nilieleza kwa hesabu, 25 kugawanya kwa 24, na dakika saba zilizopotea. Nikajibiwa kwamba filamu ikiwa fupi si kasoro, wateja wengine hupenda. Huyo ni mtu anayeuza sinema!

Mwenye kisanduku hiki tayari asikitupe. Kwanza hakikisha tatizo. Kwenye kompyuta fungua diski kwa programu ya VLC, nenda kwenye taarifa za kodeki: ukiona fremu 25 na urefu wa dakika 174, ndiyo yenyewe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, uondoe tiki kwenye kipengele cha kunyoosha sauti kulingana na muda. Hili watu hulisahau, halafu hulalamika kwamba mbinu haifanyi kazi. Kipengele hicho kikiwa kimewashwa, programu hupunguza mwendo lakini hulinda kimo cha sauti, nawe kimo ndicho unachotaka kukishusha. Sasa punguza kasi hadi 0.96. Usitumie vitufe vya mabano, vinaruka hatua kubwa. Bofya ile namba ya kasi chini pembeni, usogeze taratibu. Kama umeunganisha redio kubwa kwa njia ya kidijitali, zima upitishaji wa sauti ghafi, la sivyo programu haitaweza kuigusa. Peleka picha kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Deki ya kawaida haitakusaidia, kwa sababu mwendo wa polepole wa rimoti ni wa nusu au robo, tena unazima sauti kabisa.

Jambo jingine kabla hamjalaumu pasipostahili. Wapo wanaosema picha ya Fiddler imefifia na ina rangi ya udongo. Hiyo si kasoro. Mpigapicha Oswald Morris alifunika lenzi kwa soksi nyembamba ya kike ya kahawia ili kijiji kionekane hivyo, na kazi hiyo ikampa Oscar. Msiongeze rangi kwenye runinga. Mtaifuta kazi yake kama muuzaji alivyoifuta ya Topol.

Galileo nayo imekimbizwa bila kurekebishwa. Madhara yanaumiza pia, kwa kuwa Topol anazeeka humo tukimwona, kutoka mtu mwenye nguvu zake hadi mzee, na sauti ndiyo inayobeba miaka.

Sallah Shabati ndiyo iliyonifanya nirudi kuandika upya nusu ya haya. Maandishi ya chini ni meupe juu ya picha nyeusi na nyeupe, na palipo na anga au ukuta uliochokaa hayasomeki. Hata hivyo diski hii pekee inatosha kununuliwa. Topol hakuwa amefika miaka 30, na yule Sallah wa kambi ya wahamiaji, mwenye watoto wengi na asiyependa kazi, alikuwa ameshamcheza jukwaani katika vichekesho vya Ephraim Kishon. Ile sehemu ya msitu, ambako kibao chenye jina la mfadhili mmoja kinang'olewa na kuwekwa cha mwingine kabla gari la wageni halijafika, inasimama yenyewe bila hata tafsiri. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Israeli kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kwa hiyo, nyota mbili. Ukiongeza Columbo, tatu.

Nilikuwa nimeziweka hizo tatu. Kisha nikaweka tena diski ya pili, bila kompyuta, kama mnunuzi wa kawaida atakavyoiweka, nikasikia tena yule kijana mwenye ndevu za kubandika akimwomba Mungu utajiri. Mnunuzi wa kawaida hataijua 0.96. Atadhani ndivyo Topol alivyokuwa. Nimezirudisha mbili, nimebakisha moja, na muuzaji aandike kwenye jalada, kwa herufi zinazosomeka: fremu 25, sauti haikurekebishwa.