Mafuta yapi ununue mgonjwa wa dayalisisi akiwashwa mwili

Anayesafishwa damu kwa mashine mara nyingi huwashwa usiku kuliko mchana, mgongoni hasa, na kukosa usingizi kunamchosha kuliko hata sindano. Ngozi yake imekauka, na fosforasi, madini ya kwenye chakula ambayo figo zake hazitoi tena vizuri, imejaa kwenye damu. Mafuta yanasaidia huo ukavu tu, kwa hiyo mimi natazama mambo mawili: yasiwe na manukato, na bei iruhusu kupaka mwili mzima kila siku.

La kwanza ni mafuta ya mgando yasiyo na marashi. Hayana madoido, lakini hakuna yanayozuia maji kutoka kwenye ngozi kama haya. Mgonjwa aoge maji vuguvugu, ajikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, apake ngozi ikiwa bado na unyevu.

La pili, mafuta ya shea, hasa yale laini ya kaskazini mwa Uganda. Chota kidogo: halisi huyeyuka kwa joto la kidole. Bei ndiyo inayoyashusha.

La tatu ni ya nazi. Haya huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Kisumu kwenye joto utayakuta maji na Nakuru kwenye baridi asubuhi yameganda. Chupa ya Nakuru ikibaki maji alfajiri ya Julai, muulize muuzaji amechanganya nini.

Glisirini inafaa ukiichanganya na maji; peke yake inanata.

Mshubiri nauweka mwisho. Ute wa ndani unapoza, kisha ngozi inakauka tena, na utomvu wa manjano wa ganda wenyewe unawasha. Tafadhali asiunywe, wala mitishamba mingine: baadhi hupandisha potasiamu, madini mengine ya kwenye damu, na moyo unaweza kusimama.

Krimu za kung'arisha ngozi usiguse kabisa. Nyingine zina zebaki, na zebaki inaua figo.

Siku ya mashine, mkono wenye fistula (mshipa ulioungwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine) usipakwe kitu kabla ya sindano, plasta haitashika. Penye katheta, yaani mrija wa mashine ulioingizwa kwenye mshipa, pia pasiguswe na mafuta.

Na omena, dagaa wa ziwani? Tunaila na mifupa yake, kwa hiyo fosforasi ni nyingi. Apunguze, na dawa ya kuzuia fosforasi isiingie kwenye damu aimeze pamoja na chakula, si saa mbili baadaye. Akiendelea kuwashwa, amwambie daktari wa figo waziwazi: zipo dawa za hospitali kwa mwasho huu, na kipimo chake kwa mtu wa dayalisisi ni kidogo kuliko cha wengine.