Michigan na Indiana: nani alipie chama cha wafanyakazi?

Majimbo haya ya Marekani ni majirani, na yote mawili yalipitisha sheria ya "haki ya kufanya kazi" mwaka 2012. Michigan ikaifuta mwaka 2023. Indiana bado inayo. Jina lisikuhadae: sheria hiyo haimhakikishii mtu ajira. Inazuia tu mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kumlazimisha mfanyakazi alipe ada ya chama.

Kwa hiyo fundi wa kiwandani Indiana anaweza asichangie hata senti, na bado akala nyongeza ya mshahara iliyopiganiwa na wenzake. Akionewa, chama kinapaswa kumtetea sawa na wanaolipa. Watetezi wa sheria husema asilazimishwe kugharamia siasa asizozikubali. Hoja hiyo ingenigusa zaidi kama Mahakama ya Juu isingekuwa imeshaamua, mwaka 1988, kwamba asiye mwanachama akipinga hulipia uwakilishi tu.

Michigan, chama na kampuni binafsi wanaweza tena kukubaliana kwamba kila anayenufaika achangie. Watanzania wanaujua mchango huo: ni ada ya uwakala. Walimu wa shule za umma hawamo, kwa sababu ya uamuzi mwingine wa mahakama hiyohiyo, wa 2018.

Mimi naona Michigan ina haki zaidi. Ila ada haivuti wanachama wapya: mwaka 1983 asilimia 20.1 ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama; mwaka 2024, asilimia 9.9.