Nimetoa GTX 1060, nimeweka RTX 3060: uzoefu wangu hapa Moshi

Nilipomwambia mke wangu nataka kubadili kadi, aliniuliza, "Harusi ya nani?" Kwetu Moshi ikikaribia Desemba, kadi ni ya mchango tu, single au double. Nikamwambia hii ni kadi ya grafiki, ya kompyuta ya kazi. Akauliza bei. Nikasema laki sita na kitu. Akaenda jikoni kuangalia maharage, na nilijua kabisa kwamba hayakuwa yanaungua.

Mimi napiga na kuhariri video: harusi, send-off, kipaimara, ubarikio, hata misiba. Chumba cha kazi kiko Majengo. Kompyuta yangu ina prosesa ya Core i5-8400, RAM GB 16, na tangu 2018 nilikuwa na GTX 1060 ya GB 6. Kadi hiyo ilitoka 2016, inakula wati 120, ina plagi moja ya pini sita, na haijawahi kunitia aibu. Nisingeigusa kama si mambo mawili.

La kwanza ni memori. Zamani mteja alipokea video ya Full HD akashukuru. Siku hizi anataka 4K, na anataka ndafu ionekane inavyong'aa ikiletwa ukumbini. Tatizo ni kwamba ndafu huletwa taa zimezimwa, imebaki ile ya bluu ya DJ, picha imejaa chengachenga. Natumia DaVinci Resolve Studio, ile ya kulipia dola 295 mara moja, maana toleo la bure halina kifaa cha kusafisha chenga. Naweka usafi, narekebisha rangi, nabonyeza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Inafika ndafu, inasimama: memori ya GPU, yaani ya kadi yenyewe, imejaa. Kila harusi inakwama palepale kwenye ndafu, kama vile mbuzi mwenyewe kakataa. Nilikuwa nakata kipande hicho, nakirenda peke yake kwa Full HD, kisha nakirudisha. Usiku wa manane, kazi ya namna hiyo inachosha roho.

La pili, NVIDIA, wenye chapa ya kadi yangu, walitangaza kwamba draiva za kawaida (programu zinazoiendesha kadi) kwa familia ya GTX 10, na 1060 imo, zinaishia Oktoba 2025, baada ya hapo ni za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo. Lakini mimi hula kwa programu zinazosasishwa kila mara, na sikutaka siku moja katikati ya Desemba Resolve iniambie kadi yako siijui.

Basi nikabaki na majina matatu mezani. RX 6600 ya GB 8 ilikuwa rahisi kuliko zote, na kama ningekuwa mtu wa kucheza mpira na magari kwenye skrini ya 1080p, ningeichukua nikalala. RTX 4060 ilikuwa mpya dukani, ya 2023, inakula wati 115 tu, chini hata ya ile ninayoitoa. RTX 3060 ya GB 12 ni ya 2021, wati 170, na niliyoiweza ilikuwa ya mtumba.

Kila niliyemuuliza aliniambia chukua 4060, ni mpya, ina kasi, ina waranti. Kweli tupu. Ila ina GB 8, na ugonjwa wangu haukuwa kasi. Anayesumbuliwa na ghala dogo humsaidii kwa kumnunulia kuli mwenye mbio. Tena 4060 imeungwa kwa njia nane tu za PCIe, ile tundu inayounganisha kadi na mazabodi, na mazabodi yangu ni ya kizazi cha tatu, kwa hiyo ingepitia njia nyembamba zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Hilo la pili ni dogo, nakiri. La GB ndilo lililoamua.

Nikapanda Coaster kwenda Arusha, flashi mfukoni ikiwa na GPU-Z, programu ya kusoma kadi ni ya aina gani, na FurMark, ya kuibebesha mzigo mzito. Dukani kijana mchangamfu akanikaribisha, "Karibu mangi, 3060 hii hapa, twelve." Boksi halikuwepo, kadi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwomba aiweke kwenye mashine ya duka. Akaiweka huku akinihakikishia kwamba haijawahi kuchimba sarafu za mtandaoni, ilikuwa ya mchezaji mmoja Dar. Kila kadi ya mtumba nchi hii ilikuwa ya mchezaji mmoja Dar. Nikafungua GPU-Z: memori 8192 MB, basi, yaani njia ya data ya memori, ya biti 128.

"Kaka, hii ni ya GB nane."

Akainama, akasoma, akakuna kichwa. Sidhani alikuwa ananidanganya. Ipo kweli 3060 ya GB 8, ilikuja baadaye, jina lilelile, na kwa macho huwezi kuitofautisha. Ila ni kadi nyingine. Ile ya GB 12 ina basi ya biti 192, na kasi yake ni ya juu zaidi. Angeniuzia bila kujua, nami ningepanda Coaster nikirudi na ghala kubwa kidogo tu kuliko la zamani, kwa bei ya kubwa.

Akampigia mwenzake, ikaletwa nyingine baada ya nusu saa. Hii ilisoma 12288 MB, biti 192, bila lile neno la kuonyesha kadi ni feki ambalo GPU-Z huweka mbele ya jina. Nikaiwashia FurMark dakika 20, kijana akiangalia saa, mimi nikiangalia joto. Ilipanda hadi nyuzi 71 ikatulia. Feni zote mbili zilizunguka bila kukwaruza. Skrubu za nyuma hazikuwa na alama ya bisibisi. Huenda ilichimba kweli. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagika sokoni na nyingine lazima zilifika huku. Lakini iliyopita dakika 20 mbele ya macho yangu naiamini kuliko maneno. Laki sita na thelathini.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kadi ni nusu ya safari. Ile mpya inataka plagi ya pini nane, na pawa saplai yangu ilikuwa ya wati 450, jina lake sijawahi kulisikia popote zaidi ya kwenye stika yake. NVIDIA wanashauri 550 kwa 3060. Kuna vijiwaya vya kugeuza pini sita kuwa nane, vinauzwa bei ya soda. Sikuthubutu. Nikaongeza laki moja na sitini kwa ya wati 650.

Kisha haikuingia. 1060 yangu ilikuwa fupi, feni moja. Hii ni ndefu na inagonga kitako cha kuwekea diski ndani ya lile boksi ambalo wote tunaliita CPU ingawa siyo CPU. Fundi wangu wa Mbuyuni alilitazama boksi, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, hapa ni drili." Akatoboa ribiti nne, akang'oa kile kitako, akapuliza vumbi la chuma kwa pampu ya baiskeli kabla hajaruhusu waya wowote urudi ndani. Diski sasa imelala chini, imeshikwa na gundi ya pande mbili. Si nzuri kuangalia.

Matokeo: harusi ya saa moja na dakika 40, 4K, ndafu ikiwemo, ilirenda kwa saa moja na robo bila kusimama. Zamani ilikuwa karibu saa tatu, na hapo ndafu nimeitoa. Memori ilipofika kilele ilisoma GB 9 na ushee, yaani 4060 ingeniacha palepale kwa mbuzi. Joto la kadi hapa Moshi ni nyuzi 78 mchana, saba zaidi ya Arusha, nami nimezoea kufungua dirisha usiku tu kwa sababu ya vumbi.

Kilichoniuma ni kimoja. Kwa harusi kubwa nakodi kamera inayorekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, aina ya video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Nilitegemea kadi mpya iicheze laini. Inakwamakwama vilevile. Nikaja kugundua kwamba NVIDIA hawakuweka uwezo wa kufungua aina hiyo mpaka familia ya RTX 50 ya 2025, kwa hiyo 3060, 4060, zote sawa, mzigo unaangukia prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 zenye grafiki ya ndani zinaifungua; yangu ni ya nane. Bado natengeneza nakala nyepesi za kuhariria, kama zamani. Kama shida yako ni video kukwama unapoicheza na si memori kujaa, angalia kwanza kamera yako inarekodi nini, usije ukatoa laki sita kutibu mguu usiouma.

Na UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Ile ya 650VA ilikuwa inanipa dakika kumi za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Umeme ulipokatika wiki ya kwanza nikiwa narenda, ililia mara tatu ikazima kabla sijafikia kipanya. Betri yake ni ya zamani, ndiyo, lakini 1060 haikuwahi kuiumbua hivyo. Sasa narenda saa nane za usiku na kuomba.

1060 niliisafisha, nikaibadilishia pasta ya joto, nikamuuzia kijana wa chuo kwa laki moja na sabini. Anacheza mpira. Amenitumia ujumbe juzi kwamba inaenda vizuri sana, na kama nina nyingine nimwambie. Mke wangu aliuona ujumbe huo kabla yangu.